Ndege isiyoondoka ardhini yaweza kukutapisha

UKIISHI Embakasi, Utawala au Donholm huhitaji kuelezwa ndege ni kitu gani. Zinakupitia juu mchana na usiku, watoto wako wanazitambua kwa mlio, na huenda jirani yako anafanya kazi katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Hata hivyo, wengi wa majirani hao hawajapanda ndege hata siku moja. Jambo hili linachekesha kidogo ukikumbuka kwamba kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilikuwa zikitua Eastleigh, mahali ambapo leo ni kambi ya jeshi la angani ya Moi.

Kwa hivyo si ajabu kuona watu wakipanga foleni mbele ya vyumba vya michezo katika maduka makubwa ya jijini ili waonje kuruka. Kwa shilingi mia kadhaa unaketishwa kwenye kiti kinachoyumba, unafungwa mkanda, unavishwa miwani mikubwa ya VR inayofunika nusu ya uso, na kwa dakika tano hivi wewe ni rubani. Unapita katikati ya majengo, unashuka bondeni, unageuka juu chini. Wengi hushuka wakicheka na kumwambia mwenzao alipe tena.

Wengine hushuka kimya, jasho jembamba likiwatoka kwenye paji la uso, mkono mdomoni. Ukiwauliza watakwambia ni chipsi walizokula. Mara nyingi chipsi hazina hatia.

Yale yatakayokupata

Tuseme wewe ndiwe unayeingia. Sekunde chache za kwanza utaona raha tupu. Picha inakuzunguka pande zote, ukigeuza kichwa kushoto unaona bawa, ukiinamisha macho unaona mji ulioachwa chini. Kiti kinainuka kwa mbele, nawe unahisi mgongo ukisukumwa nyuma kana kwamba ndege inashika kasi kwenye barabara yake. Moyo unadunda. Hilo ni jambo la kawaida wala lisikutishe ikiwa moyo wako ni mzima.

Kisha ndege inaanza kupinda. Picha inainama upande wa kulia, inaendelea kuinama, lakini kiti chako kina mipaka yake: kikiinama kidogo hakiwezi kuendelea, kwa sababu kimefungwa sakafuni. Hapo ndipo baadhi ya watu huanza kupiga miayo. Ndiyo, miayo. Wengi hudhani ni uchovu, kumbe ni moja ya dalili za mwanzo kabisa. Mate hujaa mdomoni, uso hupauka, kijasho baridi hutoka, tumbo hujikunja. Ukiendelea kujikaza unaweza kufikia kutapika. Wengine hawapati kichefuchefu hata kidogo, bali macho huchoka, kichwa huuma, au wanaposhuka sakafu huonekana kama inapanda na kushuka.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu na mwaka 1993 Robert Kennedy na wenzake huko Marekani walichapisha orodha ya dalili 16 ambayo hadi leo hutumiwa kupima ugonjwa huu. Waliziweka katika mafungu matatu: zile za tumbo, zile za macho, na zile za kizunguzungu na kupoteza mwelekeo. Mtu mmoja anaweza kupatwa na za fungu moja tu, naye jirani yake akapatwa na zote.

Jicho lasema hili, sikio lasema lile

Ili uelewe chanzo chake, fikiria sufuria ya maji. Ukiishika na kuizungusha ghafla, chuma kinazunguka lakini maji yanabaki nyuma kidogo. Ukiendelea kuizungusha kwa mwendo uleule, maji nayo hushika mwendo. Ukiisimamisha ghafla, maji yanaendelea kuzunguka peke yake.

Ndani kabisa ya kila sikio lako, nyuma ya ngoma ya sikio, mna mifereji mitatu midogo iliyojipinda, imejaa majimaji. Mmoja hupima kuitikia kwa kichwa, mwingine kukataa kwa kichwa, wa tatu kulaza kichwa begani. Kichwa kinapogeuka, majimaji hubaki nyuma, yakasukuma vinyweleo vidogo mno, navyo vikapeleka habari kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto anayejizungusha kama pia uwanjani huyumba akisimama: yeye amesimama, lakini majimaji yangali yanazunguka.

Kando ya mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa vilivyolala juu ya utando laini. Hivi hupima mwendo wa kusonga mbele, nyuma, juu au chini, na pia hukueleza ardhi iko upande gani. Lakini vina udhaifu mmoja mkubwa. Haviwezi kutofautisha kati ya mwili uliolazwa nyuma na mwili unaosukumwa mbele kwa kasi, kwa maana kwa njia zote mbili vijiwe huteleza kuelekea nyuma.

Mafundi wa mitambo ya kuigiza ndege wanaujua udhaifu huo, na ndio wanaoutumia. Wanapotaka uhisi ndege inashika kasi, hawakusukumi popote. Wanakilaza kiti nyuma polepole sana huku macho yako yakionyeshwa barabara iliyonyooka ikikimbia. Mifereji ya sikio haitambui kulazwa kwa polepole kiasi hicho, vijiwe vinateleza, nao ubongo unaamua: tunakimbia. Ni udanganyifu wa kistadi sana, na mimi binafsi naona ni sehemu ya ajabu zaidi ya mchezo wote.

Udanganyifu ukifaulu, unafurahi. Usipofaulu, ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana. Jicho linasema tumegeuka juu chini, sikio linasema tumeketi kwenye kiti. Mgongano huo ndio unaoaminiwa na wataalamu wengi kuwa chanzo cha kichefuchefu cha safari, iwe ni ya meli, ya matatu au ya mtambo wa kuigiza ndege. Katika matatu ugomvi huja kwa upande wa pili: unasoma ujumbe kwenye simu ukielekea Buruburu na nambari 58, macho yanasema tumetulia, sikio linahesabu kila tuta. Kwa hivyo ikiwa wewe ni miongoni mwa wale wanaolilia kiti cha mbele kando ya dereva, jua kwamba mtambo nao unaweza kukusumbua.

Miwani ya VR ina tatizo lake la ziada. Unapogeuza kichwa, picha inapaswa kugeuka papo hapo. Ikichelewa hata kwa sehemu chache za mia za sekunde, hutaona kuchelewa huko, lakini ubongo utakuona. Wataalamu hutaka kuchelewa kusizidi sehemu 20 za elfu za sekunde. Mitambo ya bei nafuu, au iliyozeeka, hushindwa kutimiza hilo, na ndiyo sababu kijana mmoja anaweza kucheza na miwani mipya ya binamu yake nyumbani kwa nusu saa bila shida, halafu akalegezwa na kiti cha dukani kwa dakika tatu.

Ushahidi mzuri zaidi kwamba sikio ndilo lenye lawama ulipatikana kutoka kwa viziwi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, jeshi la wanamaji la Marekani na baadaye wakuu wa safari za anga za juu waliwachukua wanaume 11 wa Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington. Karibu wote walikuwa wamepoteza kusikia utotoni kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, na viungo vyao vya usawa vilikuwa vimeharibika pamoja. Walizungushwa, wakarushwa, wakapelekwa kwa meli katika bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada. Wao walicheza karata. Watafiti waliokwenda kuwachunguza walitapika kiasi kwamba jaribio lilibidi likatizwe.

Marubani hawakuponea

Usifikiri kwamba kichefuchefu hiki ni cha washamba. Mtambo wa kwanza uliofaulu wa kumfunza mtu kuruka akiwa chini ulitengenezwa mwaka 1929 na Edwin Link, kijana ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda na piano mjini Binghamton, jimbo la New York. Alichukua mivukuto ileile inayopuliza kinanda akaifanya ipandishe na kushusha kijindege cha mbao. Katika Vita Vikuu vya Pili mamia ya maelfu ya wanahewa walifunzwa ndani ya visanduku hivyo. Leo shule za urubani za uwanja wa Wilson zina mitambo ya kufunzia, na chuo cha shirika la Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa kina ile mikubwa kabisa, chumba kizima cha rubani kilichosimamishwa juu ya miguu sita ya chuma inayorefuka na kufupika.

Mwaka 1957 ndipo ilipoandikwa taarifa ya kwanza ya watu kuugua ndani ya mtambo, uliokuwa wa helikopta. Ajabu ni kwamba walioathirika zaidi walikuwa wakufunzi, watu wenye saa nyingi za kuruka, kuliko wanafunzi wao. Sababu ni ileile ya ugomvi. Mkufunzi anajua hasa mwili unavyopaswa kuhisi ndege inapopinda, naye akikosa hisia hiyo ubongo wake unalalamika. Mwanafunzi hana cha kulinganisha. Wewe wa Umoja usiyewahi kupanda ndege una nafuu hiyo juu ya rubani, angalau mara ya kwanza.

Udanganyifu unaoua

Nimetaja kwamba sikio halitambui kulazwa polepole. Katika duka la michezo huo ni mzaha. Angani usiku si mzaha, na Nairobi inalijua hilo kwa uchungu.

Usiku wa Mei 5, 2007 ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800, safari KQ507, iliondoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha na nje kulikuwa na giza totoro. Chini ya dakika mbili baadaye ilianguka katika kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Watu wote 114 walikufa. Zipo familia katika mitaa hii hii yetu ambazo zilikuwa zimekwenda uwanjani kupokea wageni wao asubuhi hiyo.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Kamerun mwaka 2010 ilieleza kwamba ndege ilianza kulala upande wa kulia polepole kwa muda mrefu bila marubani kutambua. Hakukuwa na taa wala upeo wa macho nje wa kuwaonyesha. Vipimo vilivyo mbele yao havikutazamwa inavyopasa, mtambo wa kujiendesha ulidhaniwa unafanya kazi kumbe sivyo, na hali ilipotambuliwa, kuchanganyikiwa kukaifanya iwe mbaya zaidi. Ripoti ililaumu pia upungufu wa kushirikiana kati ya marubani wawili na kutofuatwa kwa taratibu. Lakini mzizi wa yote ulikuwa kule kupotewa na mwelekeo: mwili wa binadamu mzima, asiye mgonjwa, ulioambiwa uongo na masikio yake.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilijaribu marubani 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa kutazama vipimo peke yake. Walizibiwa wasione nje. Wote 20 walipoteza uwezo wa kuitawala ndege, na kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Hiyo ndiyo kazi halisi ya mtambo wa kuigiza: kumfundisha rubani kutoamini mwili wake, tena mahali ambapo akikosea hafi mtu. Ukitaka kulihisi jambo hili mwenyewe, muulize mhudumu kama mchezo una safari ya mawinguni au ya usiku, kisha fumba macho sekunde kumi ndege ikipinda na ubuni umeinamia upande gani. Ukifumbua utashangaa.

Nani aache kupanda

Kwa mtu mzima mwenye afya, dakika tano za mchezo huu hazina madhara ya kudumu. Lakini wako wanaopaswa kubaki chini wakishika mikoba ya wenzao, na aghalabu hakuna anayewauliza kabla ya kuchukua pesa zao.

Mja mzito asipande, hasa kiti kinachotikisika kwa nguvu. Vivyo hivyo mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu lisilotulizwa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mwenye maumivu ya mgongo au shingo, kwa maana miwani ile ina uzito na kiti hurusha bila kutoa onyo. Mwenye mafua makali au uvimbe wa sikio angoje apone. Wanaougua kipandauso wajue kwamba wao hushikwa na kichefuchefu cha mwendo kwa urahisi kuliko wengine. Na aliyelewa jana usiku asijaribu leo asubuhi. Pombe huvuruga majimaji ya masikio yale yale tuliyoyataja.

Watoto ni jambo la kuzungumzia zaidi. Umri ambao kichefuchefu cha mwendo humpata mtu sana ni kati ya miaka 2 na 12. Juu ya hayo, miwani mingi ya VR imetengenezwa kulingana na upana wa uso wa mtu mzima, umbali kati ya lenzi mbili ukiwa mkubwa kuliko umbali kati ya macho ya mtoto. Kampuni ya Sony iliweka umri wa chini wa miaka 12 kwa miwani yake. Meta nayo ilikuwa na miaka 13, ikashusha hadi 10 mwaka 2023 kwa sharti kwamba mzazi ndiye anayesimamia. Hata hivyo, Jumapili alasiri utaona mtoto wa miaka mitano akivishwa, mamba wa mpira amemkumbatia mkononi, baba akipiga picha. Watengenezaji wenyewe wamekataza. Sijui baba huyo anataka ruhusa ya nani nyingine.

Mwanga unaomweka

Jambo zito kupita yote ni kifafa. Tarehe 16 Desemba 1997 watoto wapatao 685 nchini Japani walikimbizwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni kwenye runinga, ambamo mwanga mwekundu na wa buluu ulimweka kwa kasi kwa sekunde chache. Baadhi yao walipata kifafa kwa mara ya kwanza maishani.

Katika kila watu 100 wenye kifafa, wapatao watatu hushtuliwa na mwanga unaomweka, na wengi wao ni watoto na vijana. Michezo ya ndege ina milipuko, radi na taa. Kwa hivyo ikiwa nyumbani kwako yuko mwenye kifafa, hata akiwa anameza dawa vizuri na hajaanguka mwaka mzima, ongea kwanza na daktari wake. Hapa kuna ugumu ambao kila mkazi wa Eastlands anaufahamu: watu huficha kifafa. Kijana hataki marafiki zake wajue, na anapoitwa mchezoni anaona aibu kukataa. Mzazi, mpe sababu nyingine ya kusema. Mwambie aseme ana matatizo ya sikio, na hakuna atakayemcheka.

Ikitokea mtu ameanguka na kutikisika, mvue miwani, zima mtambo, mshushe chini taratibu na umlaze ubavu. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko, ufunguo wala kidole mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa, mtikisiko ukizidi dakika tano, au ukirudia kabla hajapata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali bila kungoja.

Miwani ya watu mia

Miwani hiyo iliyo usoni mwako ilikuwa usoni mwa nani dakika mbili zilizopita? Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea sana Pwani, hasa Mombasa, na kila aliyeuguza mtu nyumbani anakumbuka ulivyoruka kutoka jicho hadi jicho kwa njia ya mikono na taulo. Sifongo ya miwani iliyolowa jasho haina tofauti na taulo. Chawa na mashilingi ya kichwani yanaweza kusafiri vivyo hivyo kwa mikanda yake.

Ukifika, simama kando utazame wateja wawili watatu. Je, mhudumu anapangusa miwani kwa dawa kila mara, pamoja na lenzi? Je, ana vitambaa vya kuvaa chini yake vinavyotupwa? Ikiwa anaifuta kwa ncha ya fulana yake, nenda ukale aiskrimu.

Wanaoogopa ndege

Kuna upande mwingine ambao haujulikani sana mitaani. Watu wengi huogopa ndege kiasi cha kukataa kazi za ng'ambo, au kusafiri siku mbili kwa basi kwenda mahali ambapo ndege ingewafikisha kwa saa moja. Hofu hiyo hutibika, na mtambo wa kuigiza ni mojawapo ya dawa.

Huko Atlanta, Marekani, mtaalamu wa saikolojia Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kuwatibu watu wenye hofu hii. Kundi moja lilipelekwa uwanjani na kuketi ndani ya ndege halisi iliyoegeshwa. Kundi la pili liliketi ofisini likivaa miwani na kuonyeshwa ndege ikipaa, ikipita kwenye mawimbi ya hewa na kutua. Kwanza wote walifundishwa kupumua taratibu na kutambua mawazo yanayowatisha. Makundi yote mawili yalinufaika sawa, na miezi sita baadaye watu 93 kati ya kila 100 walikuwa wamepanda ndege ya kweli.

Angalia lakini: hao walikuwa na mtaalamu kando yao, na walipandishwa ngazi moja baada ya nyingine. Kiti cha dukani kinachokugeuza juu chini huku muziki ukinguruma si matibabu, na mwenye hofu kali anaweza kutoka akiogopa zaidi. Ikiwa hofu inakuzuia maisha, muone mshauri wa saikolojia umweleze wazi kwamba ni ndege inayokutisha.

Kabla na baada

Usipande na njaa, wala usipande ukitoka kushiba. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla. Chagua mchezo mfupi na wa polepole mara ya kwanza. Ukianza kupiga miayo au mate kujaa, fumba macho na umwambie mhudumu asimamishe. Kujikaza si ushujaa, kwa sababu kichefuchefu kikishafika kilele hakirudi nyuma haraka. Tangawizi imewasaidia baadhi ya watu, ingawa utafiti haujakubaliana juu yake, na kikombe cha chai ya tangawizi hakidhuru wengi wetu. Dawa za dukani za kuzuia kutapika safarini zipo, lakini nyingi zake huleta usingizi, na si busara kuzimeza kwa sababu ya mchezo wa dakika tano.

Ukishuka, keti. Tazama kitu kilichotulia mbali nawe, vuta hewa safi, kunywa maji kidogo kidogo. Kwa wengi hali hutulia chini ya saa moja, lakini wako ambao husumbuliwa kwa saa kadhaa, na kizunguzungu chaweza kurudi baada ya wewe kujiona u mzima. Majeshi kadhaa huwazuia marubani kuruka kwa saa kadhaa, hata siku nzima, baada ya mazoezi ya mtambo. Ikiwa rubani wa kijeshi anazuiwa, wewe nawe usiwashe gari uingie Outer Ring, wala usiendeshe bodaboda. Mpe mwenzako ufunguo au mpande matatu.

Kizunguzungu kinachobaki hadi siku ya pili si cha mchezo tena. Wengi wetu tukishikwa na kizunguzungu husema ni 'presha' au damu imepungua, tukanunua vidonge tukanyamaza. Lakini kama dunia inazunguka kila unapojigeuza kitandani, kwa sekunde chache tu, huenda ni vile vijiwe vya sikio vimetoka mahali pake na kuingia mferejini. Tiba yake haina kidonge wala sindano: daktari au mtaalamu wa viungo anakugeuza kichwa kwa hatua maalumu, na wengi hupona kwa mara moja au mbili. Kama kizunguzungu kimekuja na masikio kuziba au kuvuma, au kilianza baada ya kudungwa sindano kama za streptomisini za kifua kikuu, mweleze daktari hilo bila kuficha, kwani dawa hizo zaweza kudhuru sikio la ndani. Na kikija pamoja na upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo hujawahi kuona, huo ni mshtuko wa ubongo hadi ithibitishwe vinginevyo. Usisubiri asubuhi, nenda Mama Lucy Kibaki au hospitali yoyote iliyo karibu nawe usiku huohuo.